Chupa na vichezeo vya mtoto haviishi kuanguka: tuvifunge, au tufanyeje?

Baba wa Kigamboni anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa jambo linaloonekana dogo lakini linatuchosha kila siku. Binti yetu ana miezi 9. Tunaishi Kigamboni, na mimi na mama yake sote tunafanya kazi ng'ambo, kwa hiyo kila asubuhi mmoja wetu huvuka naye kwa pantoni, kisha hupanda daladala hadi kwa bibi yake Buguruni, ambako hushinda mpaka jioni. Katika safari hiyo ya saa moja na kitu mtoto huangusha chupa yake ya maziwa mara tatu au nne, na kichezeo chake, njuga ya plastiki yenye mpini, huanguka mara nisizoweza kuzitaja kwa sababu nimeacha kuhesabu.

Wiki iliyopita ndipo nilipoona kwamba jambo hili si la kuchekea. Tulikuwa tumesimama karibu na lango la pantoni, katikati ya pikipiki, na sakafu ilikuwa imelowa maji ya samaki yaliyochuruzika kutoka ndoo za wachuuzi wa safari iliyotangulia. Chupa ilimponyoka, ikaangukia upande wa chuchu, ikabiringika hadi chini ya bodaboda, na nilipoipata ilikuwa na mstari mweusi wa oili pembeni mwa chuchu. Mtoto alikuwa na njaa, maji ya kuoshea sikuwa nayo, na mama mmoja mtu mzima akaniambia niifute kwa shati nimpe, kwani watoto wote wamekua hivyo. Sikumpa. Alilia hadi Buguruni, na daladala nzima ikanitazama mimi.

Kabla ya hapo mke wangu alikuwa amekata ukingo wa kanga kuukuu, akafunga ncha moja kwenye chupa na nyingine kwenye mkanda wa kibebeo. Kwa siku mbili tulistarehe. Siku ya tatu nilimkuta mtoto amejizungushia ukingo ule mkononi mara mbili, na ncha za vidole zimeanza kubadilika rangi. Tuliufungua, tukautupa. Kwa hiyo sasa naogopa kamba, na kuokota nako nimechoka.

Ninachoomba kujua ni kama ipo namna ya kufunga chupa na kichezeo isiyomhatarisha mtoto, na kama ipo, kamba hiyo iwe na urefu gani. Pili, chupa ikishaanguka mahali pasipo na maji, mzazi afanyeje? Mwisho, ingawa mke wangu hunicheka nikiuliza: hivi anafanya makusudi? Nimemwona zaidi ya mara moja akinyoosha mkono, akaachia, kisha akanitazama mimi badala ya kuitazama chupa.

Mama Watatu, Morogoro:

Pole sana, baba. Nimelea watoto watatu, na wawili kati yao nilikuwa nikisafiri nao mara kwa mara kati ya Morogoro na Dar es Salaam, kwa hiyo kuokota chupa chini ya viti vya basi nakufahamu vizuri. Kabla hujaenda kutafuta kitu cha kununua, nitakueleza juu ya kitu ambacho tayari kimo nyumbani mwako, yaani hiyo hiyo kanga, isipokuwa msiikate.

Ukishapata kiti kwenye daladala, jifunge kanga nzima kiunoni kwa mbele, mkalishe mtoto mapajani juu ya kanga hiyo, halafu zile ncha mbili za chini zikunjie juu, moja kulia na moja kushoto, uzichomeke kiunoni. Mapaja yako na miguu ya mtoto vinakuwa ndani ya mfuko mpana ulio wazi kwa juu. Shingo na mikono yake haviguswi na kitu, na chupa ikimponyoka inaangukia kwenye kanga, ambayo uliifua jana na unajua imetoka wapi. Mara ya kwanza watu watakushangaa, hasa kwa kuwa wewe ni mwanamume, lakini baada ya siku tatu watakuwa wamezoea. Ukiwa umesimama usimpe chupa kabisa. Mnyweshe kabla hamjatoka nyumbani, au asubiri hadi mkae.

Jambo la pili ni chupa yenyewe, ambayo huteleza zaidi maziwa yakiwa ya baridi, kwa sababu hutoa jasho kwa nje. Chukua soksi safi ya mtoto mkubwa, kata sehemu ya vidole, uivishe chupa kama shati. Mtoto anapata mahali pa kushika, na chupa ikianguka haibiringiki mbali. Ubaya wake ni kwamba soksi ikilowa maziwa hunuka kabla ya jioni, kwa hiyo ziwepo mbili na zifuliwe kila siku.

Nyumbani mimi nilikuwa natumia beseni kubwa la kufulia mashuka. Mtoto alipoweza kukaa bila kuegemea, nililiweka juu ya mkeka, nikatandika taulo ndani, nikamkalisha humo pamoja na vichezeo vyake na kijiko kimoja cha mbao. Alichoachia kiliangukia ndani, au kikatokea pembeni kwenye mkeka, na mlio wa kijiko kikigonga beseni ulimfurahisha kuliko chochote tulichomnunulia dukani. Akianza kujivuta ili asimame beseni hupinduka, hivyo kwa binti yako unaweza kuwa na mwezi mmoja tu wa kulitumia.

Fundi Cherehani, Mombasa:

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nashona nguo za watoto, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishona pia vikanda hivi unavyoviulizia, kwa hiyo naanza na urefu: kikanda kisizidi sentimita 22 kikiwa kimevutwa chote. Namba hiyo sikuitunga. Ndicho kikomo kilichowekwa Ulaya kwa vishikizi vya chuchu za bandia, zile zisizo na chupa ambazo mtoto hunyonya ili atulie, na sababu yake ni kwamba kikanda kifupi hakiwezi kuizunguka shingo ya mtoto kikajifunga. Marekani nako chuchu ya bandia hairuhusiwi kuuzwa ikiwa imefungwa utepe au uzi wowote, kwa hofu hiyo hiyo ya kunyonga.

Nakiri kwamba vikanda vya kwanza nilivyoshona vilikuwa na sentimita 60. Mteja mmoja alitaka mtoto aweze kurusha kichezeo kutoka kwenye kigari chake kisha akivute mwenyewe, nami nikaona wazo ni zuri, nikamshonea, nikashona na vingine vya akiba. Baada ya wiki alinirudishia kikanda kikiwa kimechafuka na kukwaruzika: kichezeo kilikuwa kimeburuzwa chini, kikanda kikaingia kwenye gurudumu na kujizungusha, na kigari kikasimama ghafla katikati ya barabara. Sikuwa na la kujitetea. Vyote vilivyobaki nilivikata siku ile ile.

Sasa kuhusu kushona. Tumia utepe wa pamba wenye upana wa sentimita 2, au kipande cha leso kilichokunjwa mara nne na kushonwa kingo zote mbili. Ukingo ule wa kanga ulimbana binti yako kwa sababu haukushonwa, na kitambaa kisichoshonwa kikivutwa hujisokota kikawa uzi, na uzi hukata. Utepe uliokunjwa na kushonwa hubaki bapa. Nailoni iache, maana huteleza na kujisokota hata ikiwa pana.

Upande wa chupa weka kitanzi cha lastiki. Zungusha uzi mahali chupa ilipobonyea katikati, au chini kidogo ya pete ya kufungia chuchu ikiwa chupa yako imenyooka, upime, halafu upunguze sentimita 3. Ukipunguza zaidi ya hapo utashindwa kukivua wakati wa kuosha, na ukipunguza kidogo chupa itachomoka yenyewe katikati ya safari. Kwa njuga ni rahisi zaidi, kwani unapitisha kitanzi kwenye mpini kisha unapitisha kikanda ndani ya kitanzi chake chenyewe.

Ncha ya pili iwe na kifungo cha kubonyeza, kile cha plastiki kinachotumika kwenye nguo za watoto wachanga, na hapa ndipo mafundi wenzangu wengi wanapokosea. Wao huona kwamba kifungo kinachofunguka kikivutwa ni aibu kwa fundi, wakaweka cha chuma chenye kung'ang'ania. Kifungo hiki kinatakiwa kishindwe. Chupa ikinaswa na mlango wa matatu, bora ibaki huko mlangoni kuliko mtoto avutwe pamoja nayo. Kijaribu kwa mkono wako kabla ya kumkabidhi: ukikivuta kwa nguvu ya kawaida ya mtu mzima kinatakiwa kiachie, na uzito wa chupa peke yake usikifungue. Kwa ajili hiyo usiijaze chupa hadi juu, kwa sababu chupa nzito huning'inia, hupembea na kumgonga mtoto magotini.

Usikifunge mkononi mwa mtoto wala shingoni kwenye kola ya nguo yake. Mimi hupenda kifungwe kwa mzazi, yaani kwenye mkanda wa kibebeo upande wa kifua chako, ambapo wewe ndiwe utakayekuwa wa kwanza kuhisi kikivutwa. Pini usitumie, hata zile zenye kofia. Shanga pia usitie. Wateja huniomba sana shanga, hasa za rangi za bendera, nami hukataa, kwa kuwa siku uzi utakapokatika zitaishia kinywani, na nimekwishapoteza wateja wawili kwa ajili ya jambo hilo.

Muuguzi Mstaafu:

Nilifanya kazi kwenye kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimefurahi kuona mambo yanaelezwa kwa uangalifu hivi. Kwa maneno ya fundi naongeza moja tu: kikanda chochote, hata kiwe cha sentimita 10, kivuliwe mtoto anapolala, na asiachwe nacho bila mtu mzima wa kumtazama.

Baba, uliamua vyema kutompa mtoto chupa ile, na yule mama asikutie unyonge. Wengi huamini kwamba kitu kikiokotwa upesi, kabla hazijapita sekunde 5, hakijachafuka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya juu ya imani hiyo. Waliangusha vipande vya tikiti maji, mkate mkavu, mkate wenye siagi na peremende laini juu ya chuma, vigae, mbao na zulia vilivyotiwa bakteria, wakaviacha hapo kwa muda wa chini ya sekunde 1, kisha sekunde 5, 30 na 300. Kadiri muda ulivyozidi ndivyo bakteria walivyozidi, lakini wengine walihama papo hapo, na kilichokuwa na uzito mkubwa zaidi ni unyevu, kwani tikiti lilizoa bakteria wengi kuliko vyote. Chuchu iliyotoka kinywani imelowa mate na maziwa, kwa hiyo ni ndugu wa tikiti. Kilichonishangaza mimi ni kwamba zulia lilihamisha bakteria wachache kuliko vigae na chuma, nami siku zote nilikuwa nikiwaambia kina mama waogope zulia.

Mkiwa safarini, beba chuchu mbili za akiba zilizochemshwa, kila moja ndani ya kikopo chenye mfuniko, na chupa ndogo ya maji safi kwa ajili ya mikono yako. Chupa ikianguka, toa chuchu iliyochafuka uitie kwenye mfuko wake, nawa, weka nyingine. Maziwa yaliyomo hayaharibiki kwa sababu ya kuanguka ikiwa hayakuingia kitu, ila yana saa yake: maziwa ya kopo yakishaanza kunyonywa yasipitishe saa 1, kwa kuwa mate ya mtoto huingia humo na bakteria huzaliana. Halafu kuna ile kofia ya plastiki inayokuja na chupa, ambayo familia nyingi huipoteza wiki ya kwanza. Itafute. Ukiirudisha kila mtoto anapopumzika kunyonya, chupa ikianguka chuchu haigusi sakafu. Kuinyonya chuchu wewe mwenyewe ili kuisafisha si usafi, kwani kinywa cha mtu mzima kina bakteria wanaoozesha meno, na mate ndiyo njia yao ya kumfikia mtoto. Mkifika nyumbani, vioshwe kwa brashi, maji ya moto na sabuni, kisha vichemshwe vikiwa vimezama kabisa kwa dakika 10.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja, nami nililikuta kliniki mara nyingi. Mzazi akichoka kuokota, huiegemeza chupa kwa kanga iliyokunjwa mbele ya mtoto aliyelala chali, akaenda kuendelea na kazi zake. Ni kweli kwamba chupa hiyo haianguki, lakini mtoto hana namna ya kuyakataa maziwa yanapomzidi, na anaweza kupaliwa bila kutoa sauti ya kumwita mtu. Msifanye hivyo hata kwa dakika moja.

Na kwa kuwa mtoto ana miezi 9, ningependa mfikirie kikombe. Tulikuwa tukifundisha kikombe kidogo cha wazi kwa sababu hakina shingo wala kona za kuficha mabaki ya maziwa, na kwa kuwa wewe ndiwe unayekishika, hakianguki. Kwenye daladala inayoruka mashimo ni kazi, hilo nalikubali.

Mwalimu wa Watoto Wadogo, Arusha:

Shikamoo mama muuguzi. Nami nimeona hakuna aliyeligusa swali la mwisho, na kwa maoni yangu ndilo swali lenyewe.

Ndiyo, anafanya makusudi, na mkeo sasa aache kukucheka. Mtoto anapozaliwa ukimgusa kiganja hufumba vidole bila kutaka. Mshiko huo wa kuzaliwa hufifia katika miezi ya mwanzo, kisha hujifunza kushika kwa hiari yake, na watu hudhani kwamba hapo kazi imekwisha. Kumbe kuachia kwa hiari ni kugumu zaidi kuliko kushika, na wengi hukuweza baina ya miezi 9 na 12. Binti yako ameupata ujuzi mpya juzi, naye anaufanyia mazoezi kwa chochote kilicho mkononi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza namna watoto wanavyofikiri, alimwona mwanawe mwenyewe wa miezi 10 akiwa amelala, akinyoosha mkono na kuangusha kitu kimoja baada ya kingine, huku akibadili mahali pa kukiachia na kufuatilia kilipotua. Anapokutazama wewe badala ya chupa, maana yake ni kwamba amekwishajua chupa inakwenda wapi, na sasa anachunguza wewe unafanya nini.

Kwenye kituo chetu tuna ndoo ndogo na vifuniko vikubwa vya plastiki, vikubwa kiasi cha kutoweza kuingia kinywani, na kila asubuhi baada ya uji watoto wa umri huo hukaa mkekani na kuviachia ndani ya ndoo mpaka wachoke. Tangu tuanze utaratibu huo, vijiko vinavyoanguka mezani vimepungua, ingawa havijaisha. Kwenye kiti cha kulia humpa mtoto kitu kimoja tu kwa wakati. Akikiangusha mara ya kwanza na ya pili tunakiokota na kumrudishia. Mara ya tatu tunakiweka kwenye rafu bila kumkemea, tukampa jambo jingine la kufanya. Mtoto anayerusha kijiko mfululizo mara nyingi amekwisha kushiba, na anayeendelea kumlazimisha ndiye anayekosea. Chini ya kiti tunatandika nailoni ya mezani, ile yenye maua, tunaifuta kila baada ya mlo.

Kwa hiyo kwenye pantoni nakubaliana na fundi, lakini nyumbani sikubaliani na kufunga vitu. Mtoto ambaye kila anachoachia kinaning'inia mbele yake ananyimwa nusu ya mchezo, yaani ile nusu ya kukitafuta.

Fundi Cherehani, Mombasa:

Mwalimu, sina ugomvi nawe, ila wewe unazungumzia kituo chenye sakafu inayopigwa deki kila siku. Wapo wateja wangu wanaoishi chumba kimoja chenye mlango unaofungukia kwenye ua wa kuku. Huko kitu kikianguka hakuna mchezo wa kukitafuta, kwani kikitafutwa kinapatikana na kinyesi. Hao nao niwaambie wasifunge?

Muuguzi Mstaafu:

Kwa nyumba ya namna hiyo mimi ningetenga mahali pa mtoto kabla ya kufunga vitu. Nchini Zimbabwe, katika utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la SHINE, baadhi ya familia za vijijini zilipewa mkeka wa plastiki unaofulika na uzio mdogo wa kuchezea, ili mtoto anayetambaa asile udongo wenye kinyesi cha kuku. Ili niwe mkweli, lazima niseme pia kwamba matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha kuharisha kumepungua, licha ya mikeka, vyoo, sabuni na dawa ya kutibu maji. Mimi bado nashauri mkeka, ukungutwe na kufutwa kila siku, na kuku wafungiwe mtoto anapokuwa chini. Lakini ninawaambia wazazi wasikeshe wakijilaumu kwa kila njuga iliyogusa sakafu ya nyumbani kwao. Njuga ioshwe kwa maji na sabuni jioni, inatosha. Chuchu ya chupa ndiyo isiyo na mjadala.

Mama Watatu, Morogoro:

Naomba kurekebisha nililoandika: beseni liwe kavu kabisa na lisiwe karibu na ndoo ya maji. Nilidhani kila mtu anajua, lakini binti yangu alipoyasoma maelezo yangu aliniuliza kama mtoto huwekewa maji.

Baba wa Kigamboni:

Ndugu zangu, asanteni, nanyi mama zangu wawili shikamooni. Zimepita wiki mbili, nami ninarudi kueleza tulipofikia.

Fundi wa hapa mtaani alitushonea vikanda viwili kwa kipande cha ile ile kanga kuukuu, kila kimoja sentimita 18, na ilibidi nimsomee maneno yenu neno kwa neno, kwa kuwa mwanzoni alikataa kabisa kuweka kifungo kinachoachia. Cha chupa nimekibonyeza kwenye mkanda wa kibebeo upande wa kushoto, na cha njuga upande wa kulia. Wiki ya kwanza chupa haikugusa sakafu hata mara moja. Wiki ya pili mtoto aligundua kwamba kifungo kikivutwa kwa nguvu hutoa mlio wa "tak", na sasa hiyo ndiyo kazi yake kutoka Kigamboni hadi Feri: anavuta, kinalia, ananitazama, ninabonyeza tena. Chupa haianguki kwa sababu nimeishika, lakini kupumzika nako sijapumzika.

Mfuko wa kanga ndio ulionishangaza. Siku ya kwanza konda aliniuliza kama ninauza vitumbua, ila tangu hapo njuga, kofia ya chupa, kitambaa, na safari moja hata nauli yangu, vyote vimeangukia mapajani na kukaa humo. Chuchu za akiba zimetumika mara moja tu. Kikombe tumekijaribu kwa bibi yake, na bibi anasema kwamba yeye alilea watoto sita kwa kikombe na alikuwa anasubiri tumuulize.

Ndoo na vifuniko vimempendeza sana jioni, kiasi kwamba mke wangu naye huketi kumtazama, na mara mbili nimesikia akimhesabia.

Limebaki moja. Alipoona chupa haishuki tena, alihamia kwenye viatu. Jumatatu kiatu cha kushoto kilitumbukia kwenye upenyo ulio kati ya lango la pantoni na gati, nikakiona kikielea kidogo kabla hakijapita chini. Fundi, vipo vikanda vya viatu?

Fundi Cherehani, Mombasa:

Hajaanza kutembea, baba. Mvue.